Wiki Moja Kigoma na Kamba ya Mita 80

Siku ya 1: Tabora

Sisi wa Tabora maji tunayajua kwa ndoo. Kwa hiyo nilipoaga ofisini kwamba likizo fupi ya Septemba naenda Kigoma kupima mawimbi, walimu wenzangu walicheka hadi chai ikapoa. Mmoja akauliza kama nitabeba rula. Nikamjibu kuwa mawimbi ninayoyafuata hayaonekani kwa macho, rula haitasaidia, nabeba kamba.

Kamba yenyewe ni ya nailoni, nimeifunga vitambaa vyekundu kila baada ya mita 5 hadi kufika mita 80. Kwenye begi kuna vipimajoto viwili vya maabara (nimevisainia, vikivunjika nalipa), daftari na kalamu tatu.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu Zuhura, yuko kidato cha tatu, anaishi na mama yake Kibirizi, Kigoma. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, shikamoo. Nahodha wa baba anasema ziwa lina maji mawili, ya juu na ya chini, na ya chini nayo yana mawimbi yake. Fizikia inasemaje?" Sikumjibu haraka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekwama kwenye jambo la jirani kabisa. Nilikuwa nasoma habari za mikondo ya bahari inayojizungusha: mizunguko mipana ya kilomita mia, mia tatu, inayokwenda taratibu kama jiwe la kusagia. Wanasayansi wanasema mizunguko hiyo huzaa mawimbi ndani ya maji, chini kabisa ambako upepo haufiki. Nikawa najiuliza, kitu kinachochukua wiki tatu kumaliza mzunguko mmoja kinazaaje wimbi linalopanda na kushuka kwa saa kadhaa? Ni sawa na kuambiwa kobe amepiga mluzi.

Garimoshi limechelewa. Tumeondoka usiku.

Siku ya 2: Nguruka, Uvinza, Kibirizi

Urambo na Kaliua nimezipita nikiwa usingizini. Nguruka nimeamshwa na harufu ya samaki wa Malagarasi, akina mama wameinua masinia hadi dirishani. Uvinza ni chumvi kama kawaida. Baada ya Kazuramimba behewa zima linaanza kuchungulia upande wa kushoto, hata wale waliozaliwa hukuhuku, kila mtu anataka awe wa kwanza kuliona ziwa.

Dada yangu Mwajuma nimemkuta mwaloni akigeuza dagaa kwenye chanja. Hakunikumbatia, mikono ilikuwa na magamba. Alinipa kiwiko nikakishika. "Umekonda, kaka. Tabora hamli?" Jioni kulikuwa na migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Sikuongea kwa dakika kumi nzima.

Baada ya kula akaja Mzee Ramadhani, nahodha wa shemeji yangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamuuliza habari ya maji mawili. Hakuanza na maneno, alianza na mkono: kiganja kimoja juu ya kingine, cha juu akakisukuma kwenda magharibi, cha chini akakivuta kurudi mashariki.

"Mwalimu, wavu ukishuka, kamba ndiyo inakuambia. Hapa juu inakwenda Kongo, kule chini inarudi Tanzania. Kamba inapinda kama upinde. Kuna usiku mwingine imenyooka wima kama nguzo. Sasa wewe mwenye vitabu utuambie ni nini."

Nikamwambia ninachokijua. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 palipo na kina kirefu zaidi. Duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Maji yake ya juu yana joto la nyuzi 25 hadi 28 hivi, ya chini yamekaa kwenye nyuzi 23 na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kuyafanya ya juu yawe mepesi na kuelea, kama mafuta juu ya mchuzi. Huku kaskazini hewa wanayovuta samaki inaishia kama mita 100. Kule kusini inafika karibu 200. Chini ya hapo, zaidi ya kilomita moja ya maji bila samaki hata mmoja.

Kuanzia Mei upepo wa kusini-mashariki unavuma miezi minne, unayasukuma maji ya juu yaje kurundikana huku kwetu na Bujumbura. Tabaka la joto linanenepa kaskazini, linakonda kusini, hadi Mpulungu kule Zambia maji baridi yanachungulia juu kabisa. Septemba upepo unachoka. Sasa rundo lile linataka kurudi. Inamisha sufuria ya uji kisha uirudishe ghafla: uji hautulii, unakwenda na kurudi. Tofauti ni kwamba juu ya ziwa huoni kitu, labda sentimita chache. Mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi ndio unaopanda na kushuka makumi ya mita. Hayo ndiyo mawimbi ya ndani.

Mzee Ramadhani alinyamaza kidogo. "Basi," akasema, "kesho mwezi hakuna. Twende ukalione."

Siku ya 3: hasara

Nitaiandika kwa kifupi kwa sababu inaniuma.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Unashusha chupa ya chai ikiwa wazi, mdomo juu. Ikifika kwenye maji baridi, maji ya joto yaliyomo ndani, kwa wepesi wake, yatatoka yenyewe na baridi itaingia. Ukivuta juu, baridi ni nzito, haitoki, na chupa inaitunza. Unapima ukiwa umekaa mtumbwini. Nilijiona mjanja.

Tulitoka saa kumi na mbili jioni, mitumbwi miwili imefungwa pamoja kwa miti, wavu katikati, taa za sola zinaning'inia. Zamani zilikuwa karabai. Mzee anasema mlio wake anautamani, ila bei ya mafuta ya taa haitamani. Nilifunga jiwe chini ya chupa, nikashusha hadi mita 60, nikasubiri dakika ishirini, nikavuta. Nilipoitikisa ilitoa sauti ya vigae.

Mwalimu wa fizikia kwa miaka kumi na minne, nilisahau kwamba kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo mmoja wa hewa. Mita 60 ni mara sita. Kioo cha chupa ya chai kina kuta mbili na katikati hakuna hata hewa. Kilibonyezwa kikapasuka. Vijana walicheka sana. Mmoja aliniuliza kama wimbi la ndani ndilo limeivunja.

Chupa ilikuwa ya dada. Nimemwambia nitanunua nyingine sokoni Mwanga.

Siku ya 4: dumu

Mchana nilichukua dumu la plastiki la lita 3, nikalivisha kipande cha godoro bovu na kukishona kwa uzi wa nyavu. Halina utupu ndani, hakuna cha kubonyezwa. Zuhura alilijaribu kwenye pipa kwanza, akanisahihisha: mdomo ulikuwa mwembamba mno, maji ya joto na ya baridi yanagombania mlango mmoja. Tukalikata shingo. Mtoto huyu ningekuwa naye darasani ningelala usingizi.

Usiku ziwa lilikuwa kama kioo. Ukitazama magharibi unaona taa za wavuvi hadi upeo, na zaidi yake milima ya Kongo imekuwa weusi mzito kuliko mbingu. Dagaa walianza kukusanyika chini ya taa saa tatu, kwanza kama vumbi, halafu kama mvua inayonyesha kuelekea juu.

Kila kipimo kilichukua nusu saa: kushusha, kusubiri, kuvuta haraka hadi mikono inawaka, kuchovya kipimajoto, kumulika na simu. Kipimajoto changu kina mistari ya nyuzi moja moja, nusu unakisia. Nilichoandika ni hiki: juu kabisa nyuzi 26 na nusu. Mita 20, 26 na nusu. Mita 40, 26. Mita 60, 26. Mita 80, 25.

Kwa maneno mengine, usiku ule mpaka ulikuwa chini sana, rundo la maji ya joto bado lilikuwa juu yetu. Na kamba? Hadi mita 50 ilishuka wima. Baada ya hapo nikahisi inavutwa pembeni, taratibu lakini bila kuachia, kama mtoto anayekuvuta kanzu. Mzee aliiweka mkononi mwake kwa sekunde mbili akasema, "Inaelekea kaskazini." Mimi nilihitaji dira ya simu. Alikuwa sahihi.

(Kamba ikipinda, kitambaa cha mita 80 hakiko mita 80. Pengine ni 75. Nimeandika pembeni ya daftari.)

Alfajiri tukirudi tuliipita rasi ya Bangwe na hapo nikaomba wazime mashine. Nyuma ya rasi, upande uliokingwa, povu na majani na mfuko mmoja wa plastiki vilikuwa vinazunguka, duara la upana wa nyumba tatu nne. Mkondo unapita nje ya rasi, unashindwa kukata kona, unajikunja. Katikati ya duara maji yalikuwa laini kama yamepigwa pasi. Lakini pembeni, pale maji yanayozunguka yanapogusana na yanayopita, kulikuwa na mstari mwembamba wa povu, na kwenye mstari huo maji yalikuwa yanatetemeka. Katikati pametulia, pembeni panatetemeka. Nilikaa nikitazama hadi vijana wakaanza kukohoa kwa adabu.

Siku ya 5: mafuta ya taa

Leo sikwenda majini. Nimekaa uani na Zuhura na chupa kubwa ya pipi, ile ya dukani yenye mdomo mpana, tukiifanya bahari.

Tulianza na mawese juu ya maji, kwa heshima ya Kigoma. Hayakufaa. Asubuhi yalikuwa yameganda, tukayaanika juani, yakayeyuka, lakini ni mazito mno. Ukiyazungusha yanasimama papo hapo kama mtu aliyeitwa kwa jina. Tukayarudisha jikoni kabla dada hajaona. Tukapata mafuta ya taa ya enzi za karabai, tukayamwaga juu ya maji yaliyotiwa unga wa juisi nyekundu. Sasa tulikuwa na ziwa: jekundu chini, jeupe juu, na mpaka mkali kama uzi.

Nikamwambia azungushe mafuta peke yake kwa mwiko, taratibu, kisha autoe. Juu kulibonyea kidogo sana katikati. Lakini ule mpaka wa chini uliinuka katikati kama kichuguu, mara nyingi zaidi ya kule juu kulivyobonyea.

"Hivyo ndivyo baharini," nikamwambia. "Satelaiti inaona uso wa bahari umeinuka au umebonyea sentimita chache tu, labda nusu mita, kwenye duara la mamia ya kilomita. Chini yake mpaka wa joto na baridi umehama mita mia. Mizunguko ya namna hiyo tunayo hapa jirani. Kwenye Mlango wa Msumbiji kuna mizunguko mipana ya kilomita 300 hivi, inateremka kusini mmoja baada ya mwingine, na mingi yake huzunguka kinyume cha saa. Pwani ya Somalia kila kusi likivuma linaundwa duara kubwa kuliko hilo, na kaskazi likija linakufa."

"Mbona hakuna wimbi?" Zuhura akauliza.

Ndilo swali. Kichuguu chetu chekundu kilikuwa laini. Kilizunguka, kikazama polepole, kikaisha, bila kiwimbi hata kimoja. Mzunguko uliotulia umejipatia mizani: maji yanataka kumwagika upande mmoja, na dunia kwa kujizungusha kwake inayapinda yasifike. Nguvu mbili zinashikana, zinakwenda duara. Ukiupa nafasi utazunguka miezi.

Tena kuna sheria. Wimbi la ndani lililo huru, mbali na pwani, halikubali kwenda polepole kupita kiasi. Kikomo cha muda wa kupanda na kushuka mara moja kinategemea umbali kutoka ikweta: kwenye ncha za dunia ni saa 12, Maputo kama saa 27, Dar es Salaam siku 4 na kidogo, hapa Kigoma karibu siku 6. Chochote cha polepole zaidi ya hapo maji yanakigeuza kuwa mkondo, hayakipokei kama wimbi. Na mzunguko wa Msumbiji wenye upana wa kilomita 300, maji yakienda nusu mita kwa sekunde, unachukua siku 22 kumaliza duara moja. Kobe hajui mluzi.

Zuhura akaenda zake, akarudi na jiwe refu, akalitumbukiza. Likasimama wima sakafuni mwa chupa, ncha yake ikakaribia mpaka. Akazungusha yote, maji na mafuta. Na nyuma ya jiwe, kwenye uzi mwekundu, vikatokea vikunjo vidogo, vitatu, vinne, vimesimama vilevile ingawa maji yanapita.

Hilo ni jibu la kwanza, na sikulifundisha mimi. Sakafu ya bahari ina milima. Mkondo wa mzunguko ukipita juu yake, tabaka za maji zinapandishwa, zikishuka zinapitiliza, zinapanda tena. Maji yanayopita yanahisi mlima mmoja baada ya mwingine kwa haraka, hata kama duara zima ni la wiki tatu. Kwenye bahari inayozunguka Antaktika, ambako mkondo unafika hadi chini, jambo hili ni kubwa.

La pili ni lile nililoliona Bangwe. Mzunguko unapokutana na mwingine, ukingo kati yao unabanwa, maji ya joto na ya baridi yanasogezwa hadi yanakuwa ana kwa ana katika kilomita chache, wakati mwingine chini ya hapo. Hapo mambo hayaendi tena kwa wiki; yanakwenda kwa saa. Mizani inashindwa kufuata, na kile kisichoweza kukaa kwenye mizani kinatoka kama wimbi. Mwili wa kobe unatambaa, ila kucha zake zinakwaruza.

La tatu ni ujanja zaidi. Upepo wa dhoruba ukipiga bahari unaacha mawimbi ya ndani yenye mwendo wa karibu na kile kikomo. Ndani ya mizunguko inayozunguka kinyume na dunia ilivyo upande huo (kwetu kusini ni kinyume cha saa), kikomo chenyewe kinalegea kidogo, wimbi la polepole zaidi linaruhusiwa. Mawimbi yaliyozaliwa humo yakijaribu kutoka yanakuta nje hayaruhusiwi. Yanabaki, na njia iliyobaki ni chini. Mtafiti Eric Kunze alilionyesha hili mwaka 1985. Mzunguko hapo haukuzaa, umelea, lakini nao unagawa nguvu yake kwa hao watoto wa kufikia.

Zuhura akauliza inamsaidia nani. Nikamwambia maji baridi yanazama karibu na ncha za dunia kila siku, na yasingerudishwa bahari yote ingejaa baridi hadi karibu na juu. Kitu kinayakoroga. Mtaalamu wa bahari Walter Munk aliliuliza hilo mwaka 1966, na mwaka 1998 yeye na Carl Wunsch wakakadiria kazi hiyo inahitaji kama wati trilioni 2. Maji kupwa na kujaa yanatoa karibu nusu, kwa kupita juu ya milima ya chini na kuzaa mawimbi ya ndani. Kule Bahari ya China Kusini mawimbi hayo yanazidi mita 200, marefu kuliko jengo lolote la Dar, na meli inapita juu yake watu wanakunywa chai. Iliyobaki inatoka kwenye upepo, na upepo mwingi unaingia kwanza kwenye mikondo, mikondo inaingia kwenye mizunguko. Kwa hiyo ukitaka kujua bahari inakorogwaje, lazima ujue mizunguko inakufaje.

Dada alirudi akasikia harufu ya mafuta ya taa kwenye mwiko wake. Hiyo sasa ni hasara ya pili.

Siku ya 6: ukuta

Asubuhi Mwanga, chupa ya chai na mwiko. Mchana nilipanda daladala hadi Ujiji, nikatembea barabara ya miembe, nikarudi. Kwenye gati niliitazama sehemu ambayo Liemba ilikuwa ikifunga miaka yote hiyo: meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Miaka kadhaa imelala chini na mawimbi ya ndani yakipita juu ya chimney yake. Au chini yake. Sina hakika ilikuwa kina gani.

Jioni nilikaa na daftari. Tofauti ya uzito kati ya maji ya nyuzi 26 na nusu na ya 23 na nusu haifiki gramu moja kwa lita. Kwa hiyo uvutano unaorudisha mpaka mahali pake ni dhaifu mara elfu na zaidi kuliko unaorudisha wimbi la juu. Tabaka la juu nikilipa mita 60, kasi inatoka sentimita 64 kwa sekunde. Kilomita 2.3 kwa saa: bibi anayetoka sokoni na mzigo kichwani anaipita. Ziwa lina urefu wa kilomita 670. Siku 12 kwenda, siku 12 kurudi. Watafiti waliopima ziwa hili wanapata wiki tatu hadi tano, kwa hiyo daftari langu haliko mbali. Wimbi la juu, kwa kina cha wastani cha mita 570, lingemaliza safari hiyo ya kwenda kwa saa mbili na nusu.

Nikafunga daftari nikiwa na furaha, nikazima taa. Kisha nikakaa kitandani ghafla.

Siku 24? Kikomo cha Kigoma ni siku 6. Jana nimemwambia mtoto kwamba wimbi la polepole kuliko kikomo haliwezekani, na leo nimelikokotoa.

Nilikaa gizani muda mrefu. Mbu wa Kibirizi hawana huruma na mwanafizikia. Jibu lilikuja nilipokumbuka maneno yangu mwenyewe: mbali na pwani. Ziwa lina kuta. Maji yakitaka kupindwa na mzunguko wa dunia, yanaegemea ukuta wa mlima, na ukuta unayazuia yasipinde. Wimbi linalotambaa limeegemea pwani linaruhusiwa kuwa polepole litakavyo. Ziwa letu ni jembamba, kilomita 50 hivi kwa wastani, na lina kuta mbili ndefu. Mzunguko wa katikati ya bahari hauna pa kuegemea. Ndiyo maana ziwa linalia kwa sauti nzito ya wiki nne, na bahari inangoja mpaka ikwaruze mlima au ijikate yenyewe ukingoni.

Nilitaka kumwamsha Zuhura. Ilikuwa saa nane usiku, nikaacha.

Siku ya 7: mita 60

Usiku wa mwisho wa giza kabla mwezi haujaanza kuwasumbua. Upepo hakuna, siku ya tano mfululizo. Zuhura ameruhusiwa kuja, kwa sharti la koti la kuokolea ambalo ni kubwa kuliko yeye.

Nimemweleza habari ya ukuta tukiwa njiani. Mzee Ramadhani alikuwa anasikiliza huku ameshika usukani. Akasema, "Ndiyo maana maji ya pwani na ya katikati hayageuki siku moja." Hakuongeza neno. Nimeliandika kama alivyolisema, sijui nilipime vipi.

Tulisimama karibu na pale pa juzi, kwa kadiri ya simu na macho ya Mzee. Zuhura ndiye aliyevuta kamba, mimi nikasoma. Juu, 26 na nusu. Mita 20, 26 na nusu. Mita 40, 26. Mita 60... nikapangusa kipimajoto, nikamulika tena, nikampa naye asome bila kumwambia changu.

"Ishirini na tano, Mjomba. Labda kasoro kidogo."

Mita 80, 24.

Siku tatu zilizopita nyuzi 25 zilikuwa mita 80. Leo ziko 60. Chini yetu mpaka umepanda mita kumi na tano hadi ishirini, urefu wa jengo la ghorofa tano au sita, na mtumbwi haukutikisika hata kijiko. Naweza kubishiwa: kipimajoto ni kimoja, kamba inapinda, mahali si palepale kabisa. Nimejibishia mwenyewe. Lakini usiku huu kamba ilishuka wima, kwa hiyo zile mita 5 za shaka ni za kipimo cha siku ya 4 tu, na dumu lilipotoka mita 80 Zuhura aliligusa akarudisha mkono.

Wavu uliinuliwa saa saba. Ulikuwa mzito. Mzee anasema maji baridi yakiinuka yanaleta chakula cha dagaa kutoka chini, na vitabu vinakubaliana naye: mbolea ya ziwa imelala kule kusiko na hewa, inapanda tu mpaka unapopanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha ziwa linapata joto juu, tofauti ya uzito inaongezeka, na kukorogwa kunapungua. Nilimwambia Mzee hivyo nikidhani namletea habari. Akanionyesha kwa kidole mstari kwenye ubavu wa mtumbwi, juu sana, ambako dagaa walikuwa wakifika alipokuwa kijana.

Siku ya 8: kurudi

Kamba na kipimajoto kimoja nimemwachia Zuhura. Kile kingine narudisha maabara kikiwa kizima. Dada amenifungia dagaa kilo tano, na wa kwa walimu waliocheka amewafunga kando.

Alfajiri iliyofuata, baada ya Kaliua, mtandao ulirudi, ujumbe wa Zuhura ukaingia. Ameutuma jana usiku, alikwenda na baba yake: "Mjomba 60 ni 24 na nusu. 40 ni 25 na nusu. Mzee anasema kamba imeanza kwenda kusini."